Pumba Mgongoni mwa Doria

Jioni ile niliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kumpitishia Doria mkono mgongoni, kama ninavyofanya kila siku nikitoka kazini. Nilipouinua mkono niliukuta umejaa vipande vyeupe, vikavu na vyepesi kiasi kwamba upepo wa Dodoma ulivipeperusha kabla sijavitazama vizuri. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula cha mbwa. Alitazama kiganja changu, akatazama bakuli, kisha akasema, "Mama, Doria anatoa pumba."

Sikucheka.

Dakika hiyohiyo Popi alipita nje ya geti. Popi ni ndugu yake Doria wa tumbo moja, walizaliwa usiku mmoja na mama mmoja, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kawaida wa mtaani. Mimi nilimchukua jike, na mzee jirani yetu akachukua dume. Nyumba ya mzee haina uzio. Mbwa wake hulishwa pumba za mahindi kutoka mashine ileile ninayonunulia mimi, na zipo siku ambazo hakuna anayekumbuka kumlisha kabisa. Hata hivyo manyoya ya Popi yalikuwa yaking'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi asubuhi ya sherehe, ilhali Doria, mwenye banda, sahani yake, kadi ya chanjo na siku yake ya kuoga, alikuwa amepauka kama goti la mtoto aliyeshinda vumbini.

Wote wawili walikuwa na umri wa miezi saba.

Tangu jioni hiyo swali moja lilinikaa kichwani kwa wiki nyingi, likinifuata kazini na sokoni: ilikuwaje mbwa ambaye hatunzwi awe na ngozi nzuri kuliko mbwa anayetunzwa?

## Kwanza niliwalaumu wadudu

Kila niliyemwuliza alikuwa na mdudu wake. Wapo waliosema ni kupe, wapo waliosema ni viroboto, na wapo walioapa kwamba huo ni upele wa mbwa, ule unaoletwa na utitiri wanaochimba mashimo ndani ya ngozi. Sikuwa na sababu ya kuwapinga. Mbwa wengi wenye ngozi mbovu katika mitaa yetu wana wadudu kweli, na mtu anayekimbilia kubadilisha chakula kabla ya kuwatafuta wadudu huwa anapoteza muda wake na kumtesa mnyama. Nilimwogesha Doria kwa dawa ya kupe nikifuata vipimo vya kwenye chupa, nikafagia banda, nikachoma matandiko ya zamani na kusubiri. Wiki mbili zilipita bila badiliko lolote.

Fundi aliyekuja kutengeneza bomba alinishauri nimpake oili chafu ya gari. "Mara mbili tu, dada, anapona kabisa," alisema. Ushauri huu nimeusikia tangu utotoni, na nimewaona mbwa waliopakwa weusi tii wakitembea barabarani kwa aibu. Oili hiyo ni sumu, na mbwa hujilamba, kwa hiyo unachompaka mgongoni leo kitakuwa tumboni mwake kabla ya usiku. Nilikataa. Nakiri hata hivyo kwamba sikumzidi fundi sana kwa akili, maana nilichofanya mimi ni kumpaka mafuta ya nazi. Aling'aa kwa siku mbili. Siku ya tatu vumbi lote la uani lilikuwa limemganda, na chini ya vumbi magamba yalikuwa palepale.

Kulikuwa na jambo ambalo nilipaswa kulizingatia mapema zaidi. Doria hakuwa akijikuna sana. Mbwa mwenye upele wa utitiri hujikuna hadi usiku wa manane, akajiuma na kujitoa damu, lakini huyu alikuwa akilala usingizi wake wote. Isitoshe, ubaya haukuenea ovyo. Ukoko mgumu ulikuwa umemzunguka macho na pembe za mdomo, viwiko vilikuwa vimekauka, na nyayo zake zilikuwa zimeota magaga kama visigino vya mtu aliyelima peku msimu mzima.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumwona alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia, akachuchumaa na kuikwangua ngozi kwa wembe sehemu nne tofauti ili akaangalie kwa hadubini. Kisha akaushika ukingo wa sikio la Doria na kuusugua kwa vidole viwili huku akiutazama mguu wa nyuma. Alinieleza kwamba mbwa mwenye utitiri wa upele mara nyingi huanza kurusha mguu kujikuna ukimsugua pale. Doria alimtazama tu kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo la maana. Siku iliyofuata majibu ya hadubini yalikuja, na hakukuwa na utitiri.

"Mama, huyu anakula nini?" aliuliza.

"Anakula vizuri. Anashiba kila siku."

"Kushiba naona anashiba, mama. Naulizia sufuria lenyewe."

Niliudhika kidogo, sitaficha. Katika malezi yangu, aliyeshiba ametunzwa.

## Sufuria lenyewe

Nilimweleza. Kila asubuhi tulikuwa tukichemsha pumba za mahindi hadi ziive na kuwa nzito, tukatia konzi ndogo ya dagaa kwa ajili ya harufu, maana bila harufu hali. Juu yake, na hili nililisema kwa fahari, nilikuwa nikinyunyiza vijiko viwili vya unga wa mifupa kutoka duka la vyakula vya mifugo, kwa kuwa alikuwa anakua na nilitaka awe na mifupa imara.

Daktari alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niuondoe unga wa mifupa siku hiyohiyo.

Ndani ya mbegu za nafaka kuna kitu kinachoitwa fitati, ambacho mmea hukitumia kuhifadhi fosforasi kwa ajili ya chipukizi. Fitati ikifika tumboni hushikana na madini, na hasa zinki, ikafanya nayo mchanganyiko ambao utumbo hauwezi kuufyonza. Kalsiamu ikizidi katika chakula hichohicho, mshikamano huo huwa mgumu zaidi. Kwa hiyo mimi, mwenye mapenzi na mbwa wangu, nilikuwa nikimpa kila siku chakula chenye fitati nyingi, kisha nikamwaga kalsiamu juu yake, na zinki kidogo iliyokuwamo ikatoka ilivyoingia.

Ngozi haiwezi kuvumilia hilo kwa muda mrefu. Ni kiungo kinachojitengeneza upya bila kupumzika: chembe huzaliwa chini, hupanda juu zikikauka na kuwa ngumu, kisha hudondoka, na kwa mbwa safari hiyo huchukua takriban wiki tatu. Zinki ikikosekana, chembe hizo hazikomai inavyotakiwa, na badala ya kudondoka moja moja hurundikana na kuwa ukoko, hasa mahali panaposuguliwa au penye unyevu kama viwiko, nyayo, macho na mdomo. Mtoto wa mbwa anayekua haraka ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mahitaji yake ni makubwa. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa lishe ya mbwa wa mwaka 2006, linapendekeza miligramu 60 za zinki katika kila kilo ya chakula kikavu kwa mbwa mzima, na miligramu 100 kwa anayekua. Punje ya mahindi ina takriban miligramu 20 kwa kilo. Pumba huwa nayo zaidi kidogo, lakini sehemu kubwa ya hiyo imefungwa na fitati.

Nilipoanza kusoma mwenyewe, niligundua kwamba kisa cha Doria kiliwahi kuandikwa juu ya nguruwe. Huko Alabama, Marekani, mwaka 1955, watafiti Tucker na Salmon walionesha kwamba ugonjwa wa ngozi yenye ukoko uliokuwa ukiwasumbua nguruwe waliolishwa nafaka na kalsiamu nyingi uliondoka walipoongezewa zinki. Miaka michache baadaye daktari Ananda Prasad, aliyekuwa akifanya kazi Shiraz nchini Iran, aliwakuta vijana wa vijijini waliodumaa, ambao chakula chao kilikuwa mkate wa ngano isiyokobolewa na kingine kidogo sana, na uchunguzi ulioendelea Misri ukathibitisha kwamba hata binadamu anaweza kupungukiwa zinki kwa njia hiyohiyo. Nilisoma habari hizo usiku nikiwa nimekaa jikoni, karibu na gunia.

Na kuna jambo dogo lililonifurahisha katikati ya huzuni ile. Magonjwa kadhaa ya ngozi yenye magamba huitwa na madaktari kwa jina lililotoka katika Kigiriki, pitiriasi, na asili ya neno hilo ni pumba. Mwanangu hakuwa amekosea.

## Sembe, dona na pumba

Wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi: niachane na pumba, nimpikie sembe kama tunayokula sisi. Nilifika hadi dukani na mkono ukawa mfukoni, lakini nikasita, kwa sababu sasa nilikuwa nimeanza kuuliza maswali ya sufuria.

Kwenye ngano na mchele fitati nyingi hukaa katika ganda, lakini kwenye mahindi nyingi imo ndani ya kiini, kile kisehemu laini chini ya punje kinachoota. Mafuta ya punje nayo yamejaa humohumo, na sehemu nzuri ya madini pia. Mashine zetu za kukoboa huondoa ganda na kiini pamoja. Kinachobaki kikasagwa kuwa sembe ni wanga mweupe unaopendeza machoni, na kinachotoka ubavuni ni pumba. Ina maana kwamba gunia la pumba lina neema na kikwazo chake ndani ya mfuko mmoja: mafuta yamo, madini yamo, na kufuli lake limo. Sembe haina kufuli, lakini pia haina mali nyingi ya kufungiwa. Dona iko katikati.

Hapo niliacha kutafuta unga ulio bora. Hakuna unga wa mahindi, uwe mweupe au wa kahawia, unaoweza kuwa chakula kizima cha mbwa. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, vijenzi viwili vya protini, na manyoya yenyewe karibu yote ni protini, hasa ile yenye salfa. Inakadiriwa kwamba ngozi na manyoya vinaweza kutumia hadi asilimia 30 ya protini anayohitaji mbwa kwa siku. Mwili unapopungukiwa hupeleka kidogo kilichopo kwenye moyo, ini na misuli kwanza. Manyoya hupewa mwisho.

## Mafuta, na kosa langu la nazi

Pumba zangu zilikuwa zimekaa ghalani tangu mavuno. Nilipoingiza pua kwenye gunia nikiwa na nia ya kunusa kweli, nilisikia harufu ya uchungu, ile ya mafuta yaliyochacha. Mafuta ya kiini yakishatoka kwenye punje na kukutana na hewa na joto huharibika haraka, na mafuta yaliyochacha si kwamba yanakosa faida tu, bali huiharibu pia vitamini E iliyomo katika chakula. Dagaa wangu walikuwa na dosari hiyohiyo. Dagaa wa ziwa wakiwa wamekauka vizuri na kuhifadhiwa pakavu ni chakula cha heshima kwa mbwa, lakini mimi nilikuwa nikinunua makombo ya chini ya gunia, ya rangi ya kutu, yaliyochanganyika na mchanga, kwa kuwa "ni ya mbwa."

Neno hilo, "ni ya mbwa," nimelisema mara nyingi maishani.

Mwaka 1929 huko Minnesota, George Burr na mkewe Mildred walionesha kwamba panya waliolishwa kila kitu isipokuwa mafuta walidumaa, ngozi yao ikaota magamba na mikia ikaharibika. Kabla ya hapo mafuta yalidhaniwa kuwa kuni tu za mwili. Tangu hapo ikajulikana kwamba yapo mafuta ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza, na la kwanza katika hayo, kwa mbwa pia, ni asidi ya linoleiki. Hiyo ndiyo inayosaidia kuziba nafasi kati ya chembe za ngozi ili maji yasipotee, na bila ya hiyo ngozi hukauka hata kama mbwa anakunywa ndoo nzima.

Nilipofika hapo nilikumbuka mafuta ya nazi. Asidi ya linoleiki ndani yake ni kama asilimia 2 tu. Mawese yana takriban 10. Mafuta ya alizeti ya aina ya kawaida yana karibu 60, na mimi ninaishi Dodoma, jirani na Singida, ambako alizeti hukamuliwa na mafuta yake huuzwa kandokando ya barabara katika madumu ya rangi zote. Nilikuwa nimempaka mbwa kwa nje mafuta yaliyosafiri kutoka pwani, ilhali aliyokuwa akiyahitaji kwa ndani yalikuwa jikoni kwangu, nikikaangia maandazi.

## Nilimfuata Popi

Bado Popi alikuwa hajajibiwa. Alikuwa akila pumba zilezile, zenye fitati ileile na uchungu uleule, na waliomlisha hawakuwahi kusikia habari za linoleiki.

Jumamosi moja nilitoka mapema, nikamwona akitoka kwa mzee, nikamfuata kwa mbali kama mpelelezi. Alianzia buchani. Muuza nyama alikuwa akiusafisha mguu wa ng'ombe, na kila alichokiondoa, utando, mishipa na vipande vya mafuta, kilidondoka chini ya meza, ambako Popi alikuwa ameshajiweka. Kutoka hapo alikwenda nyuma ya kibanda cha mama lishe, akapata vichwa viwili vya sato na ukoko wa wali wenye mafuta. Alipita jaani, akala kitu ambacho sikutaka kukijua. Karibu na mto mkavu alifukua, akakimbiza, na nadhani kilichoishia mdomoni mwake kilikuwa panya. Saa tatu alikuwa amerudi kwa mzee, amelala kivulini, na sufuria la pumba lilipoletwa alilinusa na kuliacha kwa kuku.

Nilirudi nyumbani polepole.

Kwa Popi pumba zilikuwa akiba ya siku mbaya. Zinki yake ilitoka kwenye nyama, ambako hakuna fitati ya kuifunga, mafuta yake yalitoka kwa ng'ombe na samaki wa siku ileile, na protini yake ilikuwa ya aina tano kabla ya saa tatu asubuhi. Doria alikuwa na pua ileile na akili ileile, lakini nilikuwa nimemfungia geti kwa upendo, na kwa kufanya hivyo nililigeuza sufuria langu kuwa buchani kwake, jaani kwake na mtoni kwake.

Sisemi mbwa waachwe wazurure. Popi anaweza kurudi siku moja na kichaa cha mbwa, au na tegu alilolipata kwenye mapafu na maini mabichi yenye vivimbe vya maji, tegu ambalo mayai yake humfikia binadamu na kumwotesha vivimbe hivyohivyo ndani ya mwili. Anaweza kugongwa na gari. Geti langu litabaki limefungwa. Lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anayelifunga geti anaichukua pia kazi yote ambayo pua ya mbwa ilikuwa ikiifanya.

## Wiki ya tatu

Daktari alipanga vidonge vya zinki, vilevile vya miligramu 20 wanavyopewa watoto wanaoharisha, kimoja kwa siku pamoja na chakula, kwa muda alioutaja. Alikipima kipimo hicho kwa uzito wa Doria, na simwandikii mtu yeyote hapa, kwa sababu zinki ikizidi hutibua tumbo na kuzuia madini ya shaba, ambayo upungufu wake huweza kuyapotezea manyoya rangi.

Sufuria nalo likabadilika. Ugali ulibaki, sasa wa dona mpya na kwa kiasi kidogo, kando ya nyama ya kichwa, mapafu na utumbo kutoka buchani, vyote vikichemshwa hadi viive kabisa kwa sababu ya tegu. Maini yalikuwa mara moja kwa wiki tu, maana vitamini A ikizidi nayo hudhuru. Dagaa wazima wenye rangi ya fedha walichukua nafasi ya makombo. Yai la kuchemsha mara mbili kwa wiki, si bichi, kwa kuwa ute mbichi una avidini inayoifunga biotini, vitamini nyingine ya ngozi. Kijiko kimoja cha alizeti kilitiwa juu ya chakula kilichokwisha kupoa. Mchuzi wa mezani haukuingia, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Nilijaribu pia kitu ambacho familia inanicheka hadi leo. Nilikoroga uji wa dona, nikautia kimea cha ulezi na kuuacha usiku kucha, kwa sababu mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja fitati, na mahindi peke yake yana kimeng'enya hicho kidogo. Bibi zetu hawakuwa na neno fitati, lakini togwa walikuwa nayo. Doria aliupenda. Mume wangu aliuliza kama wiki ijayo atanywa na pombe.

Wiki ya kwanza hakuna kilichotokea. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu alianza kunyonyoka manyoya kwa wingi zaidi kuliko mwanzo, na hapo imani yangu ikaniishia. Nilikwenda duka la wanyama kuuliza bei ya chakula kikavu kutoka nje, chenye maandishi kwamba kinamtosheleza mbwa anayekua, na nikakuta mfuko mmoja mkubwa unakaribia gharama ya unga wetu sote kwa mwezi. Sikuwa na la kukipinga chakula hicho, kwani kina madini yaliyopimwa, kitu ambacho sufuria langu haliwezi kudai. Nilikirudisha kwenye rafu kwa sababu ya fedha, si kwa hekima.

Nilimpigia daktari simu. Akanikumbusha kwamba manyoya niliyokuwa nikiyaona yalitengenezwa miezi iliyopita, kwa pumba, na kwamba chakula kipya hakiwezi kuurekebisha unywele uliokwisha kuota. "Tazama ngozi kwanza, mama. Ukoko wa machoni ukoje?"

Nilikwenda kutazama. Ukoko wa jicho la kushoto ulikuwa umedondoka, na chini yake kulikuwa na ngozi laini, ya waridi, yenye manyoya mafupi kama ya panya.

Kufikia wiki ya sita viwiko vilikuwa safi. Kufikia wiki ya kumi magaga ya nyayo yalikuwa yamebanduka, na mkono wangu ulipopita mgongoni ulitoka na mafuta kidogo tu, kama ule wa mtu aliyeshika karanga.

## Nilibadilisha vyote kwa pamoja

Hapa ndipo ninapopata shida ya kulala. Katika wiki moja niliondoa unga wa mifupa, nikaongeza zinki, nyama, mayai, mafuta na kimea, nikatupa pumba zilizochacha. Muda si mrefu mvua zikaanza na hewa ikapata unyevu. Doria naye alikuwa anakomaa, na mahitaji ya mbwa hupungua kasi ya kukua inapopungua. Nani kati ya hao alimponya? Daktari mwenyewe alisema kwamba uthibitisho kamili wa upungufu wa zinki ungetaka kipande cha ngozi kikatwe na kupelekwa maabara, jambo ambalo hatukulifanya.

Binamu yangu aishiye Nairobi ana jibu lake tayari: tatizo lilikuwa nafaka, mbwa ni mbwamwitu, hakuumbiwa ugali. Sikubaliani naye. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha matokeo yanayoonesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya cha kusaga wanga, kati ya 4 na 30, ilhali mbwamwitu kwa kawaida ana 2. Mbwa aliumbika upya akila mabaki ya wakulima. Anausaga ugali vizuri sana. Kinachomshinda ni kuishi kwa ugali peke yake.

Na wapo mbwa ambao chakula huwadhuru kwa mzio, ugonjwa tofauti kabisa na wa Doria, ambao huwasha mno. Hao nao hawafuati hadithi ya binamu yangu: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, wa mbwa 297 wenye mzio wa chakula, uliiweka nyama ya ng'ombe mbele kwa asilimia 34, ikifuatiwa na maziwa kwa 17, kuku kwa 15 na ngano kwa 13. Njia ya kuwatambua ni kumpa mbwa chakula ambacho hajawahi kukila, bila kingine chochote, kwa angalau wiki nane, kisha kumrudishia cha zamani na kuona kama muwasho unarudi. Bila hatua hiyo ya kurudisha, unabaki na matumaini tu.

Nilifikiria kufanya vivyo hivyo: nimrudishie pumba na unga wa mifupa, nione. Ingekuwa haki kwa ukweli. Nilimweleza mwanangu mpango huo nikidhani ataupenda, kwa kuwa anapenda majaribio ya sayansi. Alimtazama Doria, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo akiumwa tena, ndiyo utafurahi?"

Jaribio halikufanyika.

Wiki iliyopita nilimkuta mzee jirani amesimama kando ya barabara na kamba na vigingi vya kupimia ardhi. Nilimwamkia, akaniitikia na kuniambia kwamba wanawe wamemtumia fedha, hatimaye anajenga ukuta. Wezi wamezidi, na Popi naye anazurura mno, watu wanalalamika.

"Sasa Popi atakula nini, babu?"

"Si hizihizi pumba, mwanangu? Mbona ananenepa nazo."

Nilibaki nimesimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Jioni nilimpelekea dumu dogo la alizeti na kilo ya dagaa, na tuliongea hadi giza likaingia, yeye akicheka kila nilipotamka neno fitati. Dagaa, nilisikia baadaye, walipikwa na kuliwa na wajukuu.

Msingi umekwisha kuchimbwa upande wa barabara. Asubuhi Popi bado anauruka.